Fito za Pande Tatu: Dema la Pwani ya Cabo Delgado

Kati ya kisiwa cha Kirimba na bara la Msumbiji kuna ghuba ya maji mafupi, Ghuba ya Montepuez, ambayo sehemu kubwa ya sakafu yake imefunikwa na majani ya bahari. Maji yakijaa, tasi na pono huingia humo kula. Hapo ndipo dema hutegwa. Ni kikapu kipana kilichosukwa kwa mianzi iliyopasuliwa, chenye mlango unaoanza mpana kwa nje na kuishia mwembamba ndani, ili samaki aingie bila shida na akose njia ya kutokea. Mvuvi hulishusha kutoka kwenye mtumbwi, hulilemeza kwa mawe lisichukuliwe na mkondo, kisha huliacha bahari ifanye kazi. Akirudi baadaye huliopoa, humwaga samaki na kulitega tena. Kuanzia Mtwara kwenda kaskazini watu husema madema, na Kenya wengine husema malema. Kusini ya Mto Ruvuma, kwa Wamwani wa mkoa wa Cabo Delgado, ni marema. Mtego ni uleule.

Watafiti wa bahari waliofanya kazi Kirimba katika miaka ya 1990 waliukuta mtego huu ukiwa bado moja ya nguzo mbili za uvuvi wa ghuba, nyingine ikiwa nyavu za kukokota. Katika majani yale waliorodhesha zaidi ya aina 200 za samaki. Hesabu kama hiyo inaeleza kwa nini mtego unaotulia chini bila kufukuza chochote umedumu: chakula kipo, kinachotakiwa ni kukizuia.

Lakini jambo la kushangaza zaidi katika dema halimo kwenye kinachonaswa. Limo kwenye msuko.

Kitambaa cha kawaida kina nyuzi za pande mbili, mtande na mshindio, zinazokatizana na kufanya vijitundu vya mraba. Dema lina fito za pande tatu. Za kwanza hulala mlalo. Za pili na za tatu hukatiza kwa mshazari, moja kuelekea kulia na nyingine kushoto. Matundu yanayobaki katikati yana pembe sita, na kila tundu limezungukwa na pembetatu ndogo sita. Kanuni ya kusuka ni moja: kila ufito upite juu ya mmoja, chini ya unaofuata, na kuendelea hivyo hadi mwisho.

Sasa mtu achukue ufito mmoja wa mlalo na kuufuata kwa kidole. Utakutana na wa mshazari wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena, kwa zamu bila kukosea. Kwa kuwa juu na chini navyo vinapokezana, matokeo yake ni kwamba ufito huo umepita juu ya fito zote za upande mmoja na chini ya fito zote za upande mwingine. Fito za mlalo ziko juu ya za kulia. Za kulia ziko juu ya za kushoto. Na za kushoto ziko juu ya za mlalo. Hakuna zilizo za juu kabisa wala za chini kabisa. Toa fito zote za upande mmoja, wowote ule, na zilizobaki zitaonekana hazikuwa zimesukana hata kidogo: zimelaliana tu, na zitateleza na kuachana. Pande mbili hazishikani. Zote tatu zikiwapo, kikapu kinabeba mawe, samaki na msukosuko wa mawimbi. Jambo hili likumbukwe, kwa maana litajitokeza tena mbali sana na Kirimba.

Mwanzi huoza. Dema likikaa majini kwa miezi huanza kulegea, na mwisho wake ni kutupwa. Kwa hiyo historia ya pwani hii imeandikwa kwa vitu visivyooza, yaani mawe, vigae na karatasi za wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno waliupora na kuuchoma mji wa Kirimba, kwa kuwa wafanyabiashara wake Waislamu hawakukubali kufuata njia za biashara walizowekewa. Karne hiyohiyo Wareno walivijua visiwa hivi kwa jina la Maluane, na vitambaa vilivyofumwa humo viliitwa hivyohivyo. João dos Santos, padri wa Kidominika aliyeishi Kirimba katika miaka ya 1590, aliviandika visiwa na watu wake katika kitabu chake Ethiopia Oriental, kilichochapishwa Évora mwaka 1609. Kisha ikaja karne ya 18, na kisiwa cha Ibo kikawa bandari ya kuuza watu utumwani, wengi wao wakipelekwa kwenye mashamba ya Wafaransa ya Mauritius na Réunion. Ngome ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, ilijengwa Ibo mwaka 1791 na bado imesimama.

Katika maandishi hayo kitambaa kina jina, pembe za ndovu zina bei, watumwa wana idadi. Dema halionekani. Sababu si fumbo: halikutozwa ushuru, halikupakiwa jahazini, na aliyelisuka ndiye aliyelitumia. Lakini mji wa pwani hauishi kwa pembe za ndovu. Katika machimbo ya kale ya Waswahili, kama yale ya Shanga huko Lamu yaliyofanywa na Mark Horton katika miaka ya 1980, samaki wa miambani, wakiwamo changu na pono, wamejaa katika mabaki ya vyakula. Mfupa hausemi kama samaki alinaswa kwa ndoana, kwa uzio au kwa dema. Unasema tu kwamba miaka elfu iliyopita watu wa pwani hii walikuwa wakiwavua samaki haohao ambao dema huwavua leo, katika maji ya aina ileile.

Wakoloni waliokuja baadaye walishughulika na ardhi zaidi kuliko bahari. Kati ya mwaka 1891 na 1929 Cabo Delgado ilitawaliwa na kampuni, Companhia do Niassa, iliyopewa na Ureno haki ya kutoza kodi ya nyumba na kulazimisha watu kazi. Wengi walikimbia kuvuka Ruvuma. Wajerumani nao walijichukulia Kionga, kipande cha pwani kusini ya mdomo wa mto huo, mwaka 1894. Wareno wakakiteka mwaka 1916, na mkataba wa amani ukawaachia. Mpaka ulisogea huku na kule juu ya watu waliosema lugha zinazokaribiana na kutega mtego mmoja pande zote mbili.

Aliyeliingiza dema katika maandishi ya kisomi alikuwa mwalimu wa hisabati.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi hawakujua kusoma wala kuandika, na walimu wa sekondari walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata alifika Maputo Mholanzi kijana aitwaye Paulus Gerdes, aliyezaliwa mwaka 1952, akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa walimu wa hisabati kwa nchi iliyokuwa inawahitaji haraka. Alikuta tatizo ambalo halikuwa la vitabu peke yake. Wanafunzi wake walikuwa wamelelewa kuamini kwamba hisabati ni kitu cha Wazungu, kilichokuja kwa meli, na kwamba wazazi wao hawakuwa nayo.

Gerdes alikataa. Aliuliza swali jepesi: kwa nini vitu vinavyotengenezwa vijijini vina maumbo yale na si mengine? Badala ya kuvichora kutoka nje, alijifunza mbinu ya kuvitengeneza, na katika kila hatua akajaribu kuibadilisha aone nini kitaharibika. Aligundua kwamba mara nyingi umbo lililopo ndilo jibu la tatizo la kweli, na kwamba mtu wa kwanza kulipata jibu hilo alikuwa anafikiri kwa jiometri, hata kama wanaomfuata wanaiga tu. Fikra hiyo, alisema, imeganda ndani ya kikapu, na mwalimu anaweza kuiyeyusha. Hoja hiyo aliijenga kwa kirefu katika tasnifu yake ya miaka ya 1980 kuhusu mwamko wa fikra za kijiometri.

Miongoni mwa mifano yake mikuu ilikuwa msuko wa matundu ya pembesita wa kaskazini mwa Msumbiji, unaoonekana katika lema, mtego wa samaki, na katika litenga, kikapu chepesi cha kubebea mizigo. Kwa nini pembe sita? Msukaji anataka matundu, ili maji yapite na kikapu kiwe chepesi. Anataka pia matundu hayo yasibadilike. Msuko wa mraba ukivutwa pembeni hulegea na kuwa mshazari, na samaki hupata upenyo. Pembetatu haikubali kuvutwa hivyo. Fito za pande tatu zikibana pembetatu ndogo kuzunguka kila tundu, tundu linabaki lilivyo. Na ili pande hizo tatu zilingane, fito lazima zikutane kwa pembe ya digrii 60. Hakuna msukaji anayepima pembe hiyo kwa chombo. Anaipata kwa vidole, kwa kuzisogeza fito mpaka zikae, na zikishakaa hazitaki tena kusogea.

Gerdes hakuishia hapo. Alionyesha kwamba msukaji anapotaka kikapu kijikunje, kwenye kona kwa mfano, anaacha tundu moja liwe na pembe tano badala ya sita, na papo hapo msuko unainuka kutoka kwenye ubapa. Ukiendelea hivyo kwa mpangilio, matundu ya pembetano yakifika 12 unapata tufe kamili, mpira. Ni umbo lilelile la mpira wa miguu wenye vipande vyeusi na vyeupe. Ni umbo pia la molekuli ya kaboni yenye atomu 60 iliyogunduliwa mwaka 1985 na Kroto, Curl na Smalley, ambao walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996. Mwaka 1999 jarida la The Mathematical Intelligencer lilichapisha makala ya Gerdes inayoonyesha jinsi ya kuunda mifano ya molekuli za aina hiyo kwa kusuka vipande vyembamba kwa matundu ya pembesita. Mbinu ya mtego wa samaki ilikuwa imeingia katika mazungumzo ya wanakemia. Gerdes alifariki Novemba 2014, akiwa amewahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Ualimu cha Msumbiji na ameacha vitabu vingi kuhusu jiometri ya Afrika.

Msuko huu hauko Afrika peke yake. Wajapani wanausuka kwa mianzi, Wamalay waliutumia kwa mipira ya henzirani, na unaonekana China na Madagaska. Huenda mikono tofauti iliufikia kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu mwanzi na pembe ya digrii 60 ni vilevile kila mahali. Huko Japani mwaka 1951 mwanafizikia Itiro Syozi wa Osaka, aliyekuwa akifanya kazi na Kodi Husimi, alichukua mpangilio wa kikapu hicho akaugeuza kuwa swali la fizikia. Aliweka alama mahali ambapo fito mbili hukatizana, akaziondoa fito, akabaki na kimia cha nukta: pembetatu zinazogusana kwa ncha, zikizunguka pembesita. Wanafizikia wanakiita kagome, kwa jina la Kijapani la matundu ya kikapu hicho. Mtu akilitandaza dema na kufanya kama Syozi, kimia anachopata ni hichohicho.

Swali lilikuwa hili. Weka sumaku ndogo sana kwenye kila nukta, na uzipe tabia ya kutaka kutazama upande ulio kinyume na jirani. Kwenye kimia cha mraba hakuna tatizo: moja juu, moja chini, moja juu, mpaka mwisho. Kwenye pembetatu, ya kwanza ikitazama juu na ya pili chini, ya tatu itazame wapi? Kokote itakapotazama, itafanana na jirani mmoja. Kagome imejengwa kwa pembetatu tupu, na kila nukta imo katika pembetatu mbili, kwa hiyo ugomvi hauna pa kumalizikia. Vitu vya kawaida vikipozwa hutulia katika mpangilio mmoja. Sumaku za kagome zina mipangilio isiyohesabika iliyo sawa, na hazina sababu ya kuchagua.

Mwaka 1973 mwanafizikia Philip Anderson alipendekeza kwamba katika hali ya namna hiyo sumaku zinaweza kukataa kuganda hata kwenye baridi kali kuliko zote, zikabaki kama majimaji. Ilichukua miongo mitatu kupata kitu cha kujaribia. Mwaka 2005 wanakemia wa MIT walifanikiwa kutengeneza maabarani fuwele safi za herbertsmithaiti, madini ya kijani ya shaba na zinki yanayopatikana kiasili Chile, ambayo atomu zake za shaba zimejipanga katika matabaka ya kagome. Zilipopozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, sumaku hazikuganda. Mwaka 2012 kundi la mwanafizikia Young Lee lilizipiga fuwele hizo kwa nyutroni na kuona kwamba msukosuko unaotokea ndani yake haubaki kipande kimoja kama katika sumaku za kawaida. Unagawanyika nusu mbili, na kila nusu inatembea kivyake kama chembe.

Chembe ya namna hii haikuwepo kabla ya tabaka kuwepo. Haiwezi kutolewa nje na kuwekwa kwenye chupa. Inaishi ndani ya ubapa ule tu, na ubapa ndio unaoipa tabia zake.

Katika dunia yenye urefu, upana na kina, chembe za msingi zina jamii mbili. Fermioni, kama elektroni, hazikubali mbili kukaa katika hali moja. Bozoni, kama chembe za mwanga, hukubali. Tofauti inaonekana chembe mbili zinazofanana zikibadilishana nafasi: wimbi la kwantamu linalozieleza ama linabaki lilivyo ama linageuka ishara. Zikibadilishana mara mbili, kila kitu kinarudi mwanzo. Kubadilishana mara mbili ni sawa na chembe moja kuizunguka nyingine duara zima. Palipo na kina, duara hilo linaweza kuinuliwa juu ya chembe ya katikati na kukazwa mpaka likawa nukta, ikawa kama halikutembewa. Kwenye ubapa hakuna juu pa kuliinulia. Aliyezunguka amezunguka, na wimbi linaweza kubeba alama ya mzunguko ule ya kiasi chochote, si kubaki au kugeuka tu.

Wanorwe wawili, Jon Magne Leinaas na Jan Myrheim, waliliona hili kwa hesabu tupu mwaka 1977. Mwaka 1982 Frank Wilczek akazipa chembe hizo jina, enioni. Mwaka huohuo Daniel Tsui na Horst Störmer, wakitumia tabaka la elektroni lililobanwa kati ya semikondakta mbili ndani ya sumaku kali na baridi kali, walipima kitu kisichotarajiwa, na mwaka 1983 Robert Laughlin akaeleza kwamba chembe zilizoonekana zina theluthi moja ya chaji ya elektroni. Watatu hao walipata Nobel mwaka 1998. Ushahidi wa moja kwa moja kwamba chembe hizo zikizungukana huacha alama ulisubiri hadi mwaka 2020, ulipotoka maabara mbili, moja Paris na nyingine Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani.

Kuna jamii ya enioni iliyo ngeni zaidi. Kwa hizi, mfuatano wa kuzungukana una umuhimu: kuizunguka ya kwanza halafu ya pili si sawa na kuanza na ya pili. Alexei Kitaev, nchini Urusi, alionyesha mwaka 1997 kwamba habari ikihifadhiwa katika mizunguko ya enioni inakuwa vigumu kuharibika, kwa kuwa hitilafu ndogo ya mahali pamoja haiwezi kuufumua mzunguko uliokwisha kufanyika. Tangu hapo kompyuta za kwantamu zikawa sababu kubwa ya kuzitafuta. Mwaka 2021 kundi la Harvard lilipanga atomu 219 za rubidi kwenye viunganishi vya kimia cha kagome, likaona dalili za majimaji yale ambayo Anderson aliyafikiria.

Kisha ikaja kazi inayomhusu moja kwa moja mtu anayelifahamu dema. Februari 2024, katika jarida la Nature, watafiti wa kampuni ya Quantinuum pamoja na wenzao wa Harvard na Caltech walieleza jinsi walivyotengeneza enioni za jamii hiyo ya pili. Walitumia ioni 27, na wakazifungamanisha kwa mpangilio wa kagome. Ioni zenyewe hazikukaa katika umbo la kikapu. Zilisafirishwa ndani ya mtego wa umeme, zikikutanishwa kwa zamu, na uhusiano kati yake ndio uliofuata kimia. Enioni walizozichunguza walizipa rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Wakazitembeza kwa njia ambazo, zikichorwa pamoja na wakati, zinafanya pete tatu za Borromeo, zilizoitwa hivyo kwa nembo ya ukoo wa Italia ya kaskazini. Katika pete hizo, hakuna mbili zilizoshikana. Zote tatu haziachani. Ikitolewa moja, mbili zilizobaki zinakuwa huru. Na ndivyo enioni zilivyojibu. Rangi mbili peke yake hazikuacha alama ya kushikana. Rangi tatu zikizungukana kwa mfuatano ule, wimbi liligeuka.

Hiyo ndiyo kanuni ya fito za dema: mlalo, kulia na kushoto, pande mbili zikilaliana tu na ya tatu ikizifunga. Wanafizikia hawakuitoa kwa wavuvi wa Kirimba, na wavuvi hawakuwa wakifikiria ioni. Hisabati ni moja, na kati ya watu waliowahi kuishika mkononi na kuitegemea kwa chakula cha siku, watu wa pwani hii wamo. Hilo ndilo Gerdes alilotaka walimu wa Msumbiji walifundishe, na aliliandika miongo kadhaa kabla ya enioni kusukwa maabarani.

Mahali pa kulifundisha pamepita katika miaka migumu. Mbuga ya Taifa ya Kirimba ilianzishwa mwaka 2002, ikijumuisha visiwa vya kusini na sehemu ya bara, na ikaweka maeneo ambayo hayavuliwi ili samaki wazaane. Uvuvi wa vyandarua, unaozoa hata vifaranga, umeenea pwani ya kaskazini kwa sababu chandarua hakina gharama na hakihitaji fundi. Tarehe 5 Oktoba 2017 wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia, na vita vikaanza. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyohiyo, kikaivunjavunja Ibo na vijiji vya Macomia. Machi 2021 ulishambuliwa mji wa Palma, jirani na mradi wa gesi wa Afungi. Hadi mwaka 2022 karibu watu milioni moja walikuwa wameyakimbia makazi yao Cabo Delgado, na kwa nyakati mbalimbali wavuvi wamezuiwa kwenda baharini. Waliohamishwa Quitupo kwenda Quitunda kupisha mradi wa gesi walijikuta mbali zaidi na maji kuliko walikozaliwa. Mwanzi wa kusukia dema unaweza kupatikana hata kambini. Ghuba ya kulitegea haihamishiki.

Kwingineko katika pwani ya Afrika Mashariki dema linabadilika kwa njia ya kimya zaidi: linatengenezwa kwa wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku. Kwa mbali matundu yanafanana, yote yana pembe sita. Lakini waya haukusukwa kwa pande tatu. Kila waya hujisokota na jirani wa kulia, humwacha, hujisokota na wa kushoto, na hakuna pembetatu hata moja kati ya matundu. Mpangilio huo ni wa atomu za kaboni katika tabaka moja la grafiti, madini yanayochimbwa Balama, ndani ya mkoa huohuo wa Cabo Delgado. Dema la waya hudumu zaidi, na likipotea baharini huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala, wakati la mwanzi lingekuwa limeoza na kuwaachia. Kulitengeneza ni kazi ya kukata kwa koleo na kufunga. Umbo la pembe sita limo tayari, limewekwa na mashine ya kiwanda, na kijana anayefunga dema hilo hapati nafasi ya kulitafuta kwa vidole vyake.